Mikono ya Jezi Namba 67

Mfuko ulikuwa unafika kila Jumanne kabla ya saa nne asubuhi, na Marlene Nowicki aliupima kwa kuuinua tu, hata kabla ya kuufungua. Ukiwa mwepesi alishusha pumzi. Ukiwa mzito alijua kuna watu waliokwisha kumwaga unga na wenyewe hawana habari, wako nyumbani wanakaangiwa mayai.

Ndani mlikuwa na jezi za Korongo, timu yetu ya mpira wa Kimarekani hapa Toledo, kila moja na kikaratasi chenye neno moja: fumua, au shona. Fumua ilimaanisha mwenye jezi ameachwa, jina lake litoke mgongoni. Shona ilimaanisha kuna mwingine anakuja kuvaa jezi ileile. Kazi hiyo Marlene alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili, katika duka lake la cherehani mtaa wa Lagrange, ukuta mmoja na mwoka mikate wa Kipolandi. Misimu ya kawaida alifumua majina manne au matano. Msimu ule, katikati ya Novemba, alikuwa amefumua kumi na tisa, na Korongo walikuwa wamecheza mechi kumi na moja wakashinda moja. Hiyo moja yenyewe tusijisifu nayo, maana mpiga mkwaju wa wageni aliteleza kwenye tope sekunde ya mwisho.

"Leo wangapi?" alimwuliza Hollis Garvey, mtunza vifaa wa timu, ambaye ndiye aliyeleta mfuko.

"Watatu. Kocha amechachamaa, mama. Jana kauvunja ubao wa kuchorea."

"Ubao umemkosea nini?"

"Ndio kitu pekee kilichokuwa kimesimama karibu yake. Wachezaji wote wamelala chini tangu Jumapili."

Walicheka, lakini kwa kile kicheko cha watu wa Toledo msimu ule, kinachoanzia puani na kuishia hapohapo. Timu inayoshindwa hivyo hutafuta mtu wa kumtupia lawama, na akishapatikana hutafuta mwingine. Mji mzima ulishalijua hilo. Wachezaji walikuwa wanatembea uwanjani kwao wenyewe kama wapangaji waliopewa notisi.

Jezi moja ya Jumanne ile ilikuwa namba 67. Marlene akafumua jina lililokuwapo, akashona jipya: TILLERY.

Mwenye jina alikuja Alhamisi. Watu wa mstari wa mbele, wale majabali wanaosimama kumkinga mrushaji wa mpira, lazima waje wenyewe dukani, kwa sababu wanataka mikono ya jezi iwabane hadi damu ilalamike. Pale panapolegea ndipo adui anapotia vidole na kukuvuta chini. Na kitambaa chenyewe hakina msimamo. Jumapili kinavutwa, Jumatatu kinafuliwa, ikifika Alhamisi kila mkono wa jezi umelegea kidogo. Kwa hiyo kila wiki Marlene alipunguza kidogo kwa kila mtu, bila kuuliza.

Tepu ilikuwa inaning'inia shingoni mwake kama pambo. Kwa jezi hakuitumia. Alimvisha mtu, akabana kitambaa kwa vidole, akachomeka pini, kisha akaivua jezi na kuikunja katikati, mkono wa kushoto juu ya mkono wa kulia, aone upande upi umezidi. Mama yake alipima hivyo magauni ya maharusi wa Kipolandi miaka arobaini, na hakuna harusi iliyovunjika kwa sababu ya gauni.

Ambrose Tillery aliinama kupita mlangoni. Alikuwa mtoto wa Alabama, miaka ishirini na sita, sauti ya upole isiyolingana na mwili ule. Aliyakuta maandazi ya jamu mezani, yale ya mwoka mikate, akala matatu kwa ruhusa na la nne bila ruhusa.

"Samahani, Bi Marlene. La nne limejiingiza lenyewe."

"Ndiyo tabia yao. Nyoosha mikono."

Alipoikunja jezi, aliona upande wa kushoto umepunguzwa zaidi ya wa kulia kwa vidole viwili. Hajawahi kuona hivyo kwa mtu wa mstari wa mbele, wanaobeba vyuma tangu utotoni.

"Huu mkono wa kushoto huulishi?"

"Naulisha, ila ni mvivu," akasema Ambrose, akacheka, akachukua la tano.

Jumapili Korongo walifungwa, na Jumapili iliyofuata wakafungwa tena. Mwenye kufungwa mapema hulazimika kurusha mpira kila mara ili awahi, na kila ukirushwa watu wa mbele wanapokea kishindo kingine kwa vichwa na shingo. Timu nzuri huwapumzisha. Korongo walikuwa wanafungwa kabla watu hawajamaliza soseji zao, kwa hiyo 67 alisimama mbele ya mrushaji wake saa tatu nzima akipigwa kama mlango wa mdaiwa.

Alhamisi ya pili tofauti ilikuwa ileile; Alhamisi ya tatu ilikuwa vidole vitatu. Marlene akaiweka jezi mezani, akaenda kufunga mlango kwa ndani.

"Mwanangu, mimi si daktari. Lakini nyama haiwezi kuondoka mkononi kwa wiki moja hivihivi. Nini?"

Ambrose alitazama dirishani. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, ile chafu inayoletwa na upepo wa ziwa lililopakana na mji.

"Ni shingo," akasema. "Niliumia nikiwa chuoni. Nikisimama vizuri haina neno. Nikigongwa vibaya, moto unashuka mkono mzima."

"Timu inajua?"

"Waliponisajili waliuliza kama nina jeraha la zamani. Nikasema sina." Akayafikicha macho yake. "Wakijua leo, watasema nimewadanganya, na hapo hata haki ya majeruhi sipati. Nitaonyeshwa mlango. Bi Marlene, nina binti. Anaitwa Nyla, ana miaka minne, ana selimundu. Nimeshacheza misimu miwili, timu nyingine huko. Nikikamilisha wa tatu, ligi inatubebea matibabu sote miaka mitano hata nikiacha mpira. Ili msimu huu uhesabiwe nahitaji mechi sita. Nimecheza mbili."

"Zimebaki nne."

"Nne tu. Kila wiki daktari wa timu anapita mstarini anatutazama. Mikono yangu ikionekana sawa ndani ya jezi, hana sababu ya kuniita pembeni. Nakuomba tu uibane vizuri."

Marlene alikuwa amemzika mtoto mmoja, zamani, kwa homa ya uti wa mgongo, na hilo hakuwa na haja ya kumwambia mtu. Alichukua pini. Akabana mkono wa kushoto kwa ustadi wake wote, akaongeza na kitambaa chepesi kwa ndani pale palipobonyea, akashona mara mbili. Alipomaliza, mtu aliyesimama mbele yake alikuwa na mikono miwili ya jabali.

"Inalingana?" Ambrose akauliza.

"Inalingana. Sasa nenda, na usimwambie mtu umekula mangapi."

Kwa siku kadhaa Marlene hakupata usingizi mzuri. Mumewe, Gene, mstaafu wa kiwanda cha kioo, alikuwa na tiketi za msimu alizorithi kwa baba yake, na kwa mujibu wa Gene mtu hauzi tiketi za baba yake hata timu ikichezewa na mbuzi. Alichofanya ni kuvaa mfuko wa karatasi wa dukani kichwani, ametoboa matundu ya macho, kama walivyofanya maelfu ya wenzake mwaka ule, ili asionekane kwenye televisheni akiitazama aibu. Jumapili hiyo alirudi na mfuko umelowa theluji.

"Korongo gani hawa," akafoka akivua viatu. "Kuku! Kuku walionyonyolewa! Na yule mpya wa 67, yule anaanguka kama kabati. Anasukumwa kidogo, huyo chini! Wamfukuze."

"Wewe ungesimama pale dakika moja?"

"Mimi silipwi kusimama pale. Nalipa kukaa."

"Basi kaa na unyamaze, Gene."

Gene alimtazama mkewe. Hajawahi kuambiwa hivyo kuhusu mpira, katika ndoa ya miaka thelathini na nane. Akala kabichi yake kimya.

Usiku huohuo Marlene aliamua. Mechi zilikuwa zimebaki tatu na mtoto wa watu anaanguka kama kabati mbele ya mji mzima. Alhamisi atampima, na vidole vikifika vinne atampigia simu Hollis, liwalo na liwe. Hollis ni mtu mzuri, huenda angejua namna ya kulipitisha jambo. Moyo ulimwuma kumwaza yule mtoto wa miaka minne, lakini aliona afadhali baba hai asiye na bima kuliko bima isiyo na baba. Uamuzi huo ulimpa amani ya siku nne, na kwa siku nne aliipanga ile simu, maneno ya mwanzo na maneno ya mwisho.

Alhamisi Ambrose akaja. Alikuwa amevaa glavu nene, na alikishika kikombe cha kahawa kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyetoka kutembea kwenye baridi. Baridi kweli ilikuwa ya kukata masikio. Marlene akambana, akachomeka, akaivua jezi, akaikunja katikati mkono juu ya mkono. Akatazama. Akaikunja tena.

Vidole viwili.

"Imepungua," akasema, na sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Tofauti imepungua! Mkono unarudi, mwanangu!"

"Kweli?"

"Macho yangu yanaona. Unaongeza. Ulifanya nini?"

"Mazoezi ya mpira wa raba tu, nyumbani. Na maombi ya mke wangu."

"Basi mwambie aendelee, asipumue hata kidogo."

Aliufungua mlango, akaenda kwa mwoka mikate, akarudi na sanduku zima la maandazi ya jamu, akamkabidhi. Alimpiga begani kwa furaha kama wanavyopigana wanaume. Ambrose akatabasamu, akatazama sanduku, akamtazama yeye, na kwa muda alionekana anataka kusema jambo. Kisha akalikumbatia sanduku kwa mikono yote, akatoka mgongo mbele akiusukuma mlango kwa kiuno. Ile simu ya Hollis haikupigwa.

Akapigiwa yeye. Siku kumi na moja baadaye, Jumatatu, baada ya kipigo cha kumi na tano, Hollis hakungoja Jumanne.

"Mama, nakuuliza jambo, libaki kati yetu. Kocha anatafuta mtu wa kuachwa kabla ya mechi ya mwisho. Wanamtaja Tillery. Mimi nasema kijana yuko sawa ila amechoka. Wewe unamwona karibu kila wiki. Hana kitu?"

Marlene alikuwa amesimama kando ya cherehani. Alhamisi iliyopita tofauti ilikuwa kidole kimoja. Kimoja tu! Hakuwa na haja hata ya kile kitambaa cha ndani, alikuwa amekitoa.

"Yuko sawa," akasema. "Tena anaendelea vizuri. Mkitaka kuacha mtu, mwacheni yule anayechora kwenye ubao."

"Ubao mpya nao umeshavunjika," Hollis akasema, akacheka, akakata simu. Marlene alijisikia mwepesi. Alikuwa amesema kweli yote aliyoijua.

Alhamisi ya mwisho mikono miwili ya jezi ililala sawa, mmoja juu ya mwingine, ukingo kwa ukingo, kama iliyokatwa kwa mkasi mmoja. Marlene akamwonyesha. Ambrose alimwomba tu amfungie zipu ya koti, maana alikuwa na haraka na glavu zilikuwa nene.

Mechi ya mwisho Marlene alikwenda mwenyewe uwanjani, akakaa karibu na Gene, bila mfuko kichwani. Ilikuwa saa saba mchana lakini taa zilikuwa zimeshawashwa kwa giza la mawingu. Nusu ya viti ilikuwa tupu, na upepo wa ziwani ulikuwa unazizungusha karatasi chini ya miguu ya watu. Hakuna aliyezomea tena. Hilo ndilo lililomtisha, ule ukimya, maelfu ya watu wenye mifuko kichwani wamekaa kama wanasubiri kusomewa hukumu ya mtu mwingine. Namba 67 alianguka, akainuka. Alianguka, akainuka polepole zaidi. Marlene aliacha kutazama matokeo. Alikuwa anahesabu tu kuinuka. Katika robo ya mwisho alilala chini kifudifudi kwa muda mrefu hata madaktari wakaanza kuingia, lakini akawaashiria kwa kichwa warudi, akapiga magoti, akasimama bila kuiweka mikono chini.

"Huyo kijana kajifunza kusimama bila mikono," Gene akasema ndani ya mfuko wake. "Leo nimemheshimu."

Filimbi ya mwisho ilipolia, Korongo walikuwa wamepoteza mechi kumi na sita kati ya kumi na saba, msimu mbaya kuliko yote iliyowahi kuandikwa Toledo. Watu walitoka wakitazama chini. Marlene Nowicki, peke yake katika uwanja ule, alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. Mechi sita zilikuwa zimetimia.

Ambrose alikuja dukani wiki ya pili ya Januari, siku mbili kabla ya kurudi Alabama. Alikuja na suti ya buluu ndani ya mfuko wa nailoni, ameutundika kwenye kiwiko.

"Nyla amepata kadi yake," akasema hata kabla ya salamu. "Imefika jana. Ina jina lake kamili. Mama yake anailaza chini ya mto."

"Mungu mkubwa," Marlene akasema, akamkumbatia, yaani sehemu aliyoifikia. "Na hiyo suti?"

"Jumapili tunakwenda kanisani kushukuru. Ilishonwa nilipomaliza chuo, fundi wa mji wa Mobile huko kwetu, alinipima kila mahali kasoro ulimi. Sasa nahisi imekuwa kubwa. Nipunguzie, Bi Marlene."

Alimsaidia kuivaa, maana aliingiza mikono kwa shida. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kumtazama.

Sufu haivutiki. Haikuvutwa Jumapili wala kufuliwa Jumatatu; ilikaa kabatini ikiwa na umbo lilelile ililopewa na fundi wa Mobile. Na mikono yote miwili ya koti lile ilikuwa imening'inia. Wa kushoto ulining'inia, na wa kulia ulining'inia vilevile, sawasawa kabisa, kama makoti yanavyokaa kwenye henga.

Marlene alisimama. Polepole akaishusha tepu kutoka shingoni. Aliuzungushia mkono wa kushoto, akasoma. Akauzungushia wa kulia, akasoma. Mikono ya mtu wa kawaida, mikono ya karani wa posta, kwenye mwili ule mkubwa. Wiki zote zile alikuwa amepunguza mkono wa kulia wa jezi kidogo na kidogo tena, akisema ni kitambaa kimevutika.

"Ambrose. Funga hicho kifungo."

"Kipi?"

"Chochote."

Ambrose alikipeleka kidole kwenye kifungo. Kidole kikakigusa, kikateleza. Akajaribu tena, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama wa mwanafunzi. Kisha akaacha, akacheka kwa aibu.

"Asubuhi ndiyo vibaya zaidi," akasema. "Mke wangu ndiye ananifungia."

"Huu wa kulia ulianza lini?"

"Ile Alhamisi uliyonipa sanduku zima. Nilikuwa nimekuja nikitaka kukuambia, vidole vilikuwa vimekufa ganzi tangu Jumapili." Alimtazama kwa macho ya upole, ya mtu asiye na kinyongo na yeyote duniani. "Lakini wewe ndiye uliyekuwa unanipima, Bi Marlene. Nilipokuona umefurahi vile, nikasema basi, si kitu."